Bunge Limesikitika

Saa ya ukutani mliyonipa siku ya kuniaga inachelewa. Sisemi kwa ubaya. Nimeitundika sebuleni kwangu hapa Mlabani, Ifakara, na kila nikiitazama naikumbuka taarifa ya habari ya redio yetu ya saa saba mchana, ambayo kwa miaka thelathini na ushee haikuwahi kuanza saa saba. Siku ile Neema, mtangazaji wetu, alinitania mbele ya watu wote: "Mzee Fide, ukiondoka nani atatuuliza nani kaamua?" Mkacheka hadi soda zikawapalia. Wengine mlicheka kwa kufuata wenzenu, maana mlipoajiriwa mlikuta maneno hayo, NANI KAAMUA, yameandikwa kwa chaki juu ya mlango wa chumba cha habari, mkadhani ni utundu wa mtu. Basi naandika mjue yalifikaje pale na kwa nini kila tukipaka rangi tunayaandika upya.

Vyeo nitaviruka. Vilikuwa vichache, na vyote vilianza na neno "kaimu".

Kabla ya redio nilikuwa nashona magunia kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Nilikuwa na shazia, ile sindano kubwa ya magunia, na niliyoyashona yangepangwa mstari yangefika Mngeta na kurudi, na mengine yangebaki ya kukalia. Jioni nikitoka hapo, na pumba zikiwa bado kwenye nywele, nilisoma sekondari ya watu wazima. Darasa lilikuwa la mafundi baiskeli, wauza samaki na polisi mmoja. Mbu wa darasa lile walikuwa wakubwa kiasi kwamba mwalimu akiita majina, nao waliitika. Nilitoka na cheti, na Kiingereza cha kutosha kugombana nacho.

Mwalimu wetu wa Kiingereza aliitwa Perpetua. Mchana alikuwa mhariri wa habari hapo redioni. Mtu wa kufasiri habari za nje alipohamia Dodoma, akanichukua mimi. Wenzangu walidhani nimeng'ara sana. Yeye alisema kwamba nilikuwa mwanafunzi pekee aliyeweza kusinzia huku anaandika, na kazi ile ilihitaji mtu wa namna hiyo.

Zana zangu siku ya kwanza zilikuwa redio ya kupokelea mawimbi ya mbali, kalamu, na kamusi ya Kiswahili ambayo mchwa walikuwa wameila kurasa zote za M. Kwa hiyo mwaka wangu wa kwanza wasikilizaji wa bonde la Kilombero waliishi katika dunia isiyo na mapinduzi, misaada wala migogoro. Haijawahi kuwa na amani vile tena.

Habari yenyewe ya kwanza ilihusu taifa moja kubwa la ng'ambo lililopeleka meli za kivita kwenye bandari ya watu. Nchi zenyewe sitazitaja katika maandishi haya, na si woga. Katika miaka ile yote zilipokezana, na nikitaja moja nitakuwa nimeionea. Nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote: "Imeamuliwa kwamba meli za kivita zipelekwe." Niliona imekaa kiofisi kabisa, kama tangazo la mkuu wa wilaya. Nikampelekea Mwalimu Perpetua.

"Nani kaamua?" akauliza.

"Serikali yao, mwalimu."

"Serikali ina mikono mingapi?"

Hilo hatukulisoma jioni.

"Uliosaini ni mkono wa nani?"

Nikarudi kwenye karatasi niliyonukuu. "Rais."

"Alimwuliza nani?"

"Hapa wanasema hakuliuliza Bunge, na katiba yao ilimtaka aliulize."

"Basi hiyo ndiyo habari," akasema. "Meli ni chuma tu. Andika upya, na mwenye mkono awe mwanzoni mwa sentensi, tumwone."

Huo ndio ulikuwa utaratibu wake. Sisi watu wa ofisini tunaipenda sana "imeamuliwa", "imeelekezwa", "imeonekana ni vyema". Sentensi ya namna hiyo haina mwenyewe. Mwalimu Perpetua hakuiruhusu ipite mlangoni, hata kama iliamuliwa kwamba chai ya saa nne ifutwe. Hasa kama chai imefutwa.

Shida yangu kubwa ya miaka ya mwanzo ilikuwa kueleza katiba za watu. Zote zilikuwa na fundo moja. Rais ana madaraka yake, Bunge lina yake, mahakama ina yake, na kila mmoja amepewa nafasi ya kumshika mwenzake mkono akizidisha. Rais anaweza kuwakaribisha wageni na kupiga nao picha, lakini akitaka vita au mkataba, apite bungeni kwanza. Nikatafuta neno moja la kubeba mzigo huo wote, nikaona nimepata: mizani. Nikaandika kwamba mizani ya nchi fulani imelegea na rais wake anatumia nafasi hiyo kuwafanyia mataifa mengine atakavyo.

Kesho yake asubuhi wakulima wa mpunga walikuwa wamejaa getini. Sitaki kutia chumvi, lakini walikuwa wengi kuliko waumini wa Pasaka. Wengine walitoka Namawala kwa baiskeli.

"Tumesikia kwa masikio yetu," akasema mmoja wao, kijana mwenye kofia ya pama. "Mizani ya huko imelegea mmetangaza. Ya hapa imelegea tangu mavuno yaliyopita, mbona kimya?"

"Kaka, ile ni mizani ya madaraka."

"Ndiyo hiyo hiyo. Wanunuzi wetu nao hawaambiliki."

Tulihangaika nao hadi adhuhuri. Mwalimu Perpetua alikuwa dirishani anacheka peke yake. Walipoondoka akaniambia, "Wewe si ulishona magunia? Wafasirie kwa magunia."

Bondeni hakuna asiyeijua lumbesa. Gunia limejaa hadi mdomoni, lakini badala ya kulishona mdomo, mnunuzi anasuka kamba juu kama wavu, anaongeza mpunga, anaongeza tena, mpaka gunia linaota shingo na kichwa. Kisha anakutazama usoni anakwambia hilo ni gunia moja. Mimi mwenyewe nimeshona lumbesa ndefu kuliko minara ya simu. Basi rais fulani wa ng'ambo alipotuma ndege zake kupiga mabomu nchi ya mbali bila kibali, nikaandika: "Rais huyo amejaza madaraka lumbesa, na Bunge lililopaswa kushona mdomo wa gunia limekaa kimya."

Siku hiyo hapakuja mtu kuuliza maana. Ilikuja simu moja tu, kutoka ofisi ambayo nayo sitaitaja.

"Nani mwandishi?"

"Ni mimi, mheshimiwa."

"Rais gani huyo wa lumbesa?"

"Wa ng'ambo, mheshimiwa. Nchi yake tumeitaja mwanzoni kabisa."

"Mwanzoni umeme ulikuwa umekatika."

Nilisikia feni inazunguka upande wake.

"Hilo neno," akasema hatimaye, "libaki kwenye mpunga."

Likabaki kwenye mpunga. Tangu siku hiyo nilitaja jina la nchi mwanzoni, katikati na mwishoni, kwa sababu ya hali ya umeme wetu. Nanyi nawashauri hivyo hivyo.

Sasa kuna jambo ambalo mtu halioni mpaka akae kwenye kiti kimoja hadi kiti kichukue umbo lake. Nilipoanza kazi, mabunge ya nchi zile yalikuwa na vitenzi vyenye misuli. Bunge limekataa. Bunge limezuia. Bunge limemnyima rais fedha za manowari zake. Nilikuwa naandika mbio mbio, kama natangaza mpira. Baadaye nikaanza kuandika kwamba Bunge limehoji. Sikushtuka, kuhoji si kubaya. Ikaja limetaka maelezo. Ikaja limepokea maelezo, na hapo nikajua tumeanza kushuka mteremko. Majaji waliokuwa wakitengua wakawa wanaahirisha. Upande wa marais ikawa kinyume, vitenzi vyao vilinenepa. Zamani rais wa kule alipendekeza, na mara nyingine aliomba. Siku hizi anatangaza, na anatangaza akiwa kwenye ndege.

Nilimwonyesha Mwalimu Perpetua jambo hili mwaka aliostaafu. Akasema yeye aliliona kabla yangu, ila alikuwa anasubiri aone kama nami nitaliona. Siku ya mwisho akapanda juu ya kiti, akaandika kwa chaki yale maneno juu ya mlango, akashuka, akaenda kwao Mahenge kufuga nyuki. Sherehe hakutaka. Saa ya ukutani aliikataa.

Sasa nifike kwenye kesi iliyokuwa ngumu kuliko zote, ambayo baadhi yenu mliiona kwa macho.

Mbele ya geti letu, kama mnavyojua, pana kibanda cha Mama Gaspa. Wali wake na kambale umeponya watu walioshindikana hospitali. Anapikia upande wa dirisha la studio, kwa hiyo taarifa ya habari anaisikia mara mbili, mara ya kwanza kupitia vioo vya dirisha na mara ya pili redioni. Mwanawe Gaspa ni askari, na mwaka ule alikuwa kwenye kikosi cha kulinda amani katika nchi moja ya Afrika yenye misitu mikubwa. Kambi yao ilikuwa mbali na barabara. Chakula kilipelekwa na helikopta za taifa moja la ng'ambo, na majeruhi walitolewa na helikopta hizo hizo. Kulikuwa na mkataba, na mkataba ulipitishwa na Bunge la taifa hilo.

Neema alikuwa mgeni kazini. Akaniletea habari: "Usafiri wa anga wa kikosi cha kulinda amani umesitishwa."

Nikamwonyesha kwa kidole yale maneno juu ya mlango.

"Mzee Fide jamani, Kiingereza chenyewe ndivyo kilivyosema. Umesitishwa."

"Kiingereza nacho kina mabosi wake. Shuka chini."

Akashuka. Chini kabisa, baada ya maelezo ya hali ya hewa na picha za helikopta, palikuwa na mstari mmoja: rais wa taifa hilo alisaini mwenyewe akiwa safarini, na wabunge wake walisikia kwenye habari kama sisi. Neema akakaa akaandika upya. Saa saba na dakika zake akasoma hewani: "Rais wa nchi hiyo, peke yake, bila kuliuliza Bunge lililopitisha mkataba, amezisimamisha helikopta zote zilizokuwa zikilihudumia jeshi la kulinda amani." Nchi ilitajwa mara tatu, na umeme siku hiyo haukukatika hata kidogo.

Mama Gaspa akaja dirishani na upawa mkononi.

"Kaka Fide, hizo ndizo za kina Gaspa?"

"Ndizo, dada."

"Huyo rais hana wa kumwambia?"

"Yupo. Bunge lake."

"Litamwambia lini?"

"Wanasema wanakutana wiki ijayo."

Akaanza kungoja. Kila mchana kabla sijakaa kula alikuwa ananiuliza neno moja tu, "Limezuia?", nami namjibu, "Bado." Wateja wake wakalizoea. Dereva mmoja wa bodaboda akamtania kwamba siku hizi Mama Gaspa ni mbunge wa ng'ambo, ndiyo maana mboga imepungua.

"Kaa chini ule," Mama Gaspa akamjibu. "Mheshimiwa Spika hajakuruhusu kuchangia."

Watu wakaangua kicheko, naye akacheka pamoja nao. Lakini simu ya Gaspa ilikuwa haipatikani, kwa kuwa hata mafuta ya jenereta ya kule yalikuwa yakibebwa na ndege hizo.

Wiki ya mkutano ikafika. Habari iliingia muda mfupi kabla ya taarifa. Neema aliisoma kwenye kompyuta, akageuka kutazama dirishani. Mama Gaspa alikuwa ameacha chungu jikoni, amekaa kwenye ndoo chini ya vioo vyetu.

"Mzee Fide," Neema akanong'ona, "tuandike limepinga."

"Limepinga wapi?"

"Si ni karibu sawa? Mtu akisikitika si amepinga kidogo?"

"Wamepiga kura?"

"Hapana."

"Wamemwita rais? Wamefunga fedha zake?"

"Hapana. Wamesikitika, halafu wameenda mapumziko."

"Basi andika walichofanya."

"Na mama je? Atasikia vibaya."

Nilimtazama binti huyu na nikaona ana moyo mzuri. Mimi pia neno "limepinga" lilikuwa limeshafika kwenye ncha ya kalamu. Lingempa Mama Gaspa usingizi wa siku kadhaa, kisha lingemfanya angoje helikopta ambayo hakuna aliyeituma.

"Andika," nikasema.

Akasoma bila kukwama. "Bunge la nchi hiyo limesikitika kutokana na hatua ya rais." Alipozima maiki, Mama Gaspa alikuwa amesimama dirishani.

"Kaka Fide."

"Naam, dada."

"Kusikitika ndiyo kuzuia?"

"Hapana. Siyo."

Akakaza kanga yake kiunoni.

"Basi hata mimi nimesikitika," akasema. "Kumbe niko sawa na hao wabunge."

Akarudi jikoni. Wali wake uliungua siku hiyo, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu Ifakara iitwe Ifakara, na wateja waliula wote, hata yule wa bodaboda.

Baadaye kidogo mvua zilipozidi kule, lori lililombeba Gaspa na wenzake lilipinduka. Wenzake walichubuka. Yeye mguu wa kushoto ulivunjika vibaya. Enzi za mkataba angekuwa hospitali kabla ya jua kuzama. Alipitishwa kwa machela, kwa mtumbwi, kwa lori jingine, na alipofika kwa madaktari mguu ulikuwa hauna tena wa kuutetea. Siandiki kwamba sahihi ya mtu mmoja ndiyo iliyoukata. Barabara ilikuwa mbovu, mvua ilikuwa nyingi, lori lilikuwa kuukuu. Naandika tu kwamba helikopta ilikuwa kwenye mkataba na haikuwa kambini.

Wiki yangu ya mwisho kazini, wakati mnakusanyana kuninunulia saa, Gaspa alikuja redioni. Alipanda ngazi zetu kwa magongo bila kukubali kushikwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, afande. Karibu kiti."

"Nitasimama. Mama anasema mliisoma habari yetu siku ile, ile ya kwanza."

"Tuliisoma."

"Naomba kuisikia." Akahema, akaegemea meza. "Kule kambini tuliambiwa usafiri umesitishwa, basi. Nikiwa kwenye machela nikamwuliza tabibu wetu, nani kasitisha? Akasema hajui, umesitishwa tu. Dar es Salaam nikauliza tena. Umesitishwa. Kila ninayemwuliza, umesitishwa."

Neema alinyanyua macho yakaenda juu ya mlango, kisha akainamia kompyuta yake. Alitafuta kwa muda, akaipata, akafungua spika. Ikasikika sauti yake mwenyewe, nyembamba ya mtu mgeni kazini: "Rais wa nchi hiyo, peke yake, bila kuliuliza Bunge lililopitisha mkataba, amezisimamisha helikopta zote..."

"Rudisha," akasema Gaspa.

Akairudisha.

"Peke yake?"

"Peke yake," nikasema.

"Na marubani hawakukataa kuja."

"Walikatazwa."

Akabaki anaitazama spika kana kwamba itaongeza neno. Nje mama yake alikuwa anagonga sufuria, kuwaita watu wa chakula cha mchana.

"Palikuwa na rubani mmoja tukicheza naye karata," akasema. "Kijana tu. Alituahidi atarudi Jumatatu, hakurudi. Mzee, mwaka mzima nimekuwa nikimlaani yeye."